Baraza la Nyumbani: Aliyeona Aseme



Juma hili nimepokea barua fupi yenye neno zito. Mwenye kuiandika ni muuguzi kijana, ndiyo kwanza amemaliza mwaka mmoja kazini, na jina lake ameomba lisitajwe. Anauliza hivi: "Mama, nikiwa pamoja na wakubwa wangu mbele ya mgonjwa aliye hatarini, nami nikaona jambo ambalo wao hawajaliona, nifanye nini? Nikisema, nitaambiwa sina adabu. Nikinyamaza, naogopa mgonjwa atakufa. Nyumbani nimefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitabasamu, maana nilijiona mimi mwenyewe nilipokuwa kijana kama wewe. Mara ya pili sikutabasamu tena, na sababu yake nitaieleza sasa hivi. Nanyi wasomaji wengine msifunge gazeti mkidhani kwamba haya ni mambo ya wauguzi tu. Hakuna nyumba isiyopata siku yake ya kukimbilia hospitali, na siku hiyo nanyi mtakuwamo katika jambo hili.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Hospitali yenyewe sitaitaja. Mama mmoja alijifungua, mtoto akalia vizuri, sote tukafurahi. Kondo la nyuma lilipokwisha kutoka, damu ikaanza kumwagika. Waliosomea kazi hii wanajua kwamba damu ya mzazi ikitoka namna ile haimngoji mtu. Mama mwenye afya njema aweza kufa kabla ya saa mbili kupita.

Wakaja watu upesi. Alikuwapo daktari, sista mkuu wa wodi, wakunga wawili, na mimi mwanafunzi. Watu watano, mikono kumi. Daktari akasema kwa sauti kubwa, "Damu ipelekwe maabara, watafute chupa mbili za kumwongezea." Alisema hivyo akiwa ameinama juu ya mgonjwa, hamtazami mtu yeyote. Sista alidhani mkunga wa kwanza amekwenda. Mkunga wa kwanza alidhani amekwenda wa pili. Wa pili alikuwa akilikanda tumbo la mama ili kizazi kikaze, hana nafasi hata ya kugeuza shingo. Hakuna mvivu hata mmoja pale. Kila mtu alikuwa na kazi mikononi. Lakini kichupa cha damu, pamoja na karatasi yake, kilikuwa kingali mezani, kimefunikwa nusu na kitambaa.

Mimi nilikiona. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na meza ile. Moyo ukaniambia, "Sema." Adabu ikaniambia, "Wewe ni nani hata useme? Sista ana miaka ishirini kazini. Bila shaka wamekwisha kupeleka kingine." Nikanyamaza. Zikapita dakika kama kumi na tano, hata daktari akauliza, "Damu iko wapi?" Tukatazamana.

Mama yule hakufa. Lakini ili aokoke, ilibidi apelekwe chumba cha kupasulia, akatolewe kizazi. Mtoto yule alikuwa wa kwanza wake, akawa na wa mwisho. Siwezi kusema kwamba dakika zile ndizo zilizomnyima watoto wengine. Pengine damu ingefika mapema na mambo yangekuwa yale yale. Lakini dakika zile sijazisahau mpaka leo. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nilikiona kile kichupa.

Basi, mwanangu, unaona kwamba swali lako limenifikia.

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Watu wakikusanyika ghafula mbele ya mgonjwa, hawawi sawa. Mmoja amefanya kazi miaka thelathini, mwingine miezi mitatu. Mmoja ametoka nyumbani akiwa na usingizi, mwingine anaiona hospitali ile kwa mara ya kwanza. Pengine hawajuani hata kwa majina. Twadhani kwamba mwenye elimu nyingi ataona yote, na kwamba wengine kazi yao ni kutii tu. Kumbe sivyo. Mtu akishughulika na jambo gumu, macho yake hukaza palepale penye shughuli, na kila kitu pembeni hupotea. Mkubwa anayefanya kazi ngumu kuliko wote ndiye aghalabu asiyeona yaliyo mezani. Na mdogo, kwa kuwa hana kazi nyingi, ndiye anayeona.

Wala usidhani kwamba haya ni ya wodi zetu tu, ambako watu ni wachache na vifaa ni haba. Mwaka 2005 huko Uingereza, mama mmoja mwenye umri wa miaka 37, mwenye watoto wawili, aliingia hospitali kwa upasuaji mdogo wa ndani ya pua. Alipotiwa usingizi, njia yake ya hewa ikaziba. Madaktari watatu wenye uzoefu mkubwa walijaribu kumwingiza mpira wa kupumulia kooni, wakashindwa, wakajaribu tena, wakashindwa tena. Mama akakaa bila hewa ya kutosha zaidi ya dakika 20. Katika hali kama ile dawa yake inajulikana: ni kutoboa koo kwa mbele ili hewa ipite. Muuguzi mmoja alikwisha kuvileta vyombo vya kutobolea, akasema viko tayari. Hakujibiwa. Mwingine alikwenda akapiga simu ili kitanda kiandaliwe katika chumba cha wagonjwa mahututi. Aliporudi aliona kwa nyuso za wakubwa kwamba wanamdhania ana wasiwasi wa bure, akaenda akakifuta kitanda. Mama yule alifariki baada ya siku 13. Baadaye wauguzi walieleza kwamba walijua la kufanya, ila hawakujua waliseme namna gani.

Tafadhali lirudie neno hilo la mwisho. Walijua, ila hawakujua waliseme namna gani. Vyombo vilikuwapo, ujuzi ulikuwapo, watu walikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya neno kutoka kinywani mwa mdogo hata kufika sikioni mwa mkubwa.

Mume wa mama yule, Bwana Martin Bromiley, alikuwa rubani wa ndege. Hakutaka mtu atiwe gerezani. Alitaka kujua jambo lilitokeaje, ili lisiwapate wengine. Mwaka 2007 alianzisha chama cha kuwafundisha waganga namna ya kufanya kazi pamoja wakati wa hatari. Alishangaa, kwa maana marubani wenzake walikwisha kujifunza somo hili zamani, nao walilinunua kwa bei kubwa.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha ndege cha kisiwa cha Tenerife, ukungu ulikuwa mzito. Ndege kubwa mbili zilikuwa katika njia moja. Nahodha wa ndege moja alikuwa mtu mashuhuri katika kampuni yake, mwalimu wa marubani wengine. Akaanza kukimbiza ndege ili iruke. Fundi wa mitambo, aliyekaa nyuma yake, akauliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi hakuendelea. Ndege zikagongana, wakafa watu 583. Hata leo hakuna ajali ya ndege zilizogongana iliyoua watu wengi kuliko ile.

Fundi yule aliuliza, hakunyamaza kabisa. Lakini aliuliza mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Tangu ajali zile za miaka ya 1970, makampuni ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani somo jipya: mkubwa afundishwe kusikia, na mdogo afundishwe kusema mpaka asikiwe. Baadaye hospitali nazo zikaanza kulifuata somo hilo.

Na hapa nina habari ya kutufurahisha sisi wa Afrika ya Mashariki. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya kukagua mambo kabla na baada ya kumpasua mgonjwa, lilichagua hospitali 8 duniani za kuijaribu, kuanzia mwaka 2007 hadi 2008. Zilikuwamo hospitali za London, Toronto na Seattle. Na pamoja nazo ilikuwamo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, katika bonde la Kilombero, nchini Tanzania. Orodha yenyewe ni ukurasa mmoja, wenye mambo 19. Mojawapo ni hili: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila mtu aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Matokeo ya hospitali zote 8 kwa jumla yalitangazwa mwaka 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1000 waliopasuliwa walikufa 15. Baada yake walikufa 8. Wagonjwa waliopata madhara makubwa walipungua kutoka 110 hadi 70 katika kila 1000.

Mtu atauliza, kutaja jina kunasaidia nini? Jaribu uone. Mtu aliyekwisha kufungua kinywa chake mara moja mbele ya wakubwa, na wakubwa wakamsikiliza, hufungua mara ya pili kwa urahisi. Mwanafunzi aliyekaa kimya tangu mwanzo huendelea kukaa kimya mpaka mwisho. Tena, daktari akilijua jina la mkunga, hataagiza tena kwa kuuambia ukuta.

Lakini tusiiabudu karatasi. Huko Ontario, nchini Kanada, hospitali 101 ziliamriwa zitumie orodha ya namna hiyo, na habari zilizotangazwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba vifo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Wengi wanafikiri kwamba mahali pengine watu walitia alama tu katika karatasi, midomo wakaifunga. Karatasi haisemi, watu ndio wasemao.

Sasa, mwanangu, nikupe mambo ya kushika. Ni machache, nawe waweza kuanza nayo zamu ya kesho.

Kwanza, jifunze kusema kwa maneno machache yenye sehemu tatu: mwite mkubwa, mwambie unachoona, mwulize unachotaka kufanya. Mathalani: "Daktari, kichupa cha damu kingali mezani. Nikipeleke sasa?" Usianze na "Samahani sana, mimi sijui, pengine nakosea, lakini nilikuwa nafikiri..." Ukifika mwisho wa maneno hayo, hakuna anayekusikiliza tena. Heshima iweke katika kumwita: Daktari, Sista, Mzee. Kisha neno lenyewe liseme wazi. Ukiona hujasikiwa, rudia, safari hii useme na hatari yake: "Daktari, nina wasiwasi. Damu ya mgonjwa haijapelekwa, na mama anazidi kubadilika." Ukirudia mara mbili bila kujibiwa, mwambie mkubwa mwingine aliye karibu. Huko si kusengenya, ni kumwokoa mgonjwa.

Pili, ukiagizwa jambo, lirudie kwa sauti, kisha ukilimaliza toa habari. Sista akikuambia, "Weka dripu ya pili mkono wa kushoto," nawe mjibu, "Naweka dripu ya pili mkono wa kushoto." Ikiingia, sema, "Dripu ya pili imeingia, inakwenda." Mgeni akisikia atadhani mnacheza kama watoto wa shule. Mwache adhani. Kwa njia hii kosa la kusikia hugunduliwa kabla halijamfikia mgonjwa, hasa katika vipimo vya dawa.

Tatu, usipojua kufanya jambo ulilopewa, sema palepale, "Hili sijapata kulifanya." Kuuliza si ujinga. Wakati wa hatari, mtu anayesema hajui hupoteza nusu dakika. Anayejifanya anajua huweza kupoteza mgonjwa.

Na ninyi wakubwa wa kazi, maana najua mpo mnaosoma baraza hili, msifurahi kwamba nimemsemesha mtoto peke yake. Neno la mdogo haliwezi kupita kama mlango umefungwa, na mwenye ufunguo ni ninyi.

Asubuhi mkianza zamu, semeni mapema: "Leo tuko sisi. Mimi nitaongoza. Mkiona nakosea, niambieni, sitakasirika." Kisha msikasirike kweli, maana siku mtakapomkaripia mmoja mbele ya wenzake, mtakuwa mmewafunga midomo wote. Mtu mmoja aongoze, kwa kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini anayeongoza, kama watu wanatosha, asishike kazi ya mikono. Asimame penye miguu ya mgonjwa, aone wote. Mgonjwa ambaye moyo umesimama hukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, na anayekandamiza hubadilishwa kila baada ya dakika 2, kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajatambua. Nani atahesabu dakika hizo kama kila mtu ameinama?

Tena, mkiagiza, tajeni jina la mtu. Amri isiyo na jina haina miguu. Ndivyo kile kichupa changu kilivyobaki mezani. Na kila baada ya muda semeni kwa sauti mnavyofikiri: "Nadhani ni kizazi kimelegea. Tumetoa dawa, tumekanda. Nani anaona jambo nisiloliona?" Swali hili la mwisho ni dogo, lakini kwa kijana ni ruhusa kubwa. Kazi ikiisha, hata kama mmechoka, kaeni dakika tano mwulizane: lipi lilikwenda vizuri, lipi tulirekebishe. Sisi usiku ule hatukukaa. Kila mtu alikwenda njia yake, nami nikaenda na siri yangu.

Nanyi akina mama na akina baba wa nyumbani, nimesema mwanzoni kwamba mmo. Mnapomfikisha mgonjwa, msiseme watu sita kwa pamoja. Mchagueni mmoja aliyekuwa karibu naye tangu mwanzo, aeleze: ugonjwa ulianza saa ngapi, umebadilikaje, amekula nini, na amekunywa dawa gani. Dawa za miti shamba nazo mzitaje, wala msizifiche kwa haya. Daktari asiyejua kilichomo tumboni aweza kuongeza sumu juu ya sumu. Kama mtoto wako anaonekana si kama kawaida yake, hata kama umeambiwa hana neno, sema: "Mimi ndimi mama yake, huyu leo amebadilika." Huko Uingereza, tangu mwaka 2024, hospitali nyingi zimeanza utaratibu wa kuwaruhusu ndugu wa mgonjwa kuwaita waganga wengine waje kumtazama upya, kama wanaona anazidi kuwa mbaya na hawasikilizwi. Utaratibu huo ulitokana na kifo cha msichana mmoja wa miaka 13, ambaye wazazi wake waliona hatari mapema.

Namaliza kwa neno la adabu, maana ndilo linalokusumbua, mwanangu. Methali uliyoiandika ni ya kweli. Mimi nami nililelewa nayo, na wanangu nimewalea nayo. Lakini mkuu wa wodi anataka nini hasa? Je, anataka wewe unyamaze, au anataka mgonjwa wake apone? Ukimnyamazia, unailinda heshima yake ya dakika tano, na kumwachia majuto ya miaka. Mtu akimwona babaye anakanyaga penye nyoka, hamwamkii kwanza. Humshika mkono akamvuta. Baba hatasema kwamba mtoto yule amekosa adabu.

Huenda utakemewa siku moja. Mimi sikudanganyi. Pengine utasema, kumbe wewe ndiye uliyekosea, na kichupa kingine kimekwisha kupelekwa. Utaona haya, uso utawaka moto, na kesho yake utakuwa umesahau. Lakini haya ya namna ile niliyoibeba mimi haiishi kesho yake. Ukiona, sema.

Kwaherini hadi juma lijalo, Mungu akitujalia uzima.